Vidonge vya Mafua vya Bibi Fawkiya

Je, mwenzangu, umewahi kumpa mgonjwa dawa ili tu anyamaze? Inas alifanya hivyo, na wala hakuwa mtoto mwenye moyo mbaya.

Aliishi na bibi yake, Fawkiya, ghorofa ya tatu, mjini Mahalla. Kila asubuhi alishuka kununua mkate na maharage ya moto, wakala pamoja, ndipo akaenda shule. Macho ya Bibi yalikuwa yameingia ukungu wa mtoto wa jicho, hata mchele aliuchambua kwa vidole. Upasuaji ulikuwa umepangwa kabla ya Idi, na Bibi aliwaambia majirani wote kuwa kitu cha kwanza atakachokitazama ni uso wa mjukuu wake ndani ya gauni jipya.

Kumbe mafua yalikuwa njiani, yakampata Bibi. Inas akatumwa duka la dawa, akarudi na kile ambacho kila nyumba ya pale inakijua: kifuko cha vidonge mchanganyiko, vya rangi rangi, visivyo na jina. Jirani naye akaleta vyake vya kuumwa kichwa. Basi Bibi akiita, "Inas, njoo," Inas alichukua kidonge huku na kingine kule, akampa na maji, kisha akakimbilia darini walikokuwa wenzake wakirusha njiwa. Alijiambia kwamba dawa zikiwa nyingi ugonjwa hukimbia upesi. Lakini Bibi alizidi kunyong'onyea. Hata supu ya mlenda, aliyokuwa akiipenda kuliko nyama, aliisukuma kando.

Siku ya kupimwa damu kwa ajili ya upasuaji, Daktari Nagwa aliyasoma majibu, akayarudia. Vimeng'enya vya ini vilikuwa vimepanda mno. Akasema jicho haliguswi mpaka kijulikane kinacholiumiza ini.

"Bi Fawkiya, unameza dawa gani?"

"Sina dawa, binti yangu. Ugonjwa wangu ni miaka tu."

Shangazi Sanaa, aliyewasindikiza, akadakia kuwa pengine ni kile kirusi cha ini kilichomuua babu. Bibi akalishika goti la Inas kwa nguvu.

Bibi hakuwa amesema uongo. Kwao kifuko cha mafua hakihesabiwi kuwa dawa, kama vile chai isivyohesabiwa kuwa chakula. Inas peke yake ndiye aliyejua yaliyomezwa. Akisema, Shangazi atamuumbua mbele ya watu. Akinyamaza, Bibi atarudi nyumbani kwenye vidonge vilevile.

"Nilimpa mimi," alisema. "Vidonge vya kifuko cha mafua na vya kichwa vya jirani, kwa pamoja. Kila alipoita."

"Ala! Tangu lini umekuwa mwenye duka la dawa?" Shangazi akamgeukia.

"Mwache," alisema Daktari. "Amenisaidia kuliko nyinyi wakubwa." Akamwelekea Inas. "Ini ni kama jiko la nyumba, karibu kila dawa tunayomeza hupikwa humo. Likiumia, vimeng'enya vyake huvuja vikaingia kwenye damu. Kifuko kile kina dawa ya homa, na vidonge vya jirani ni dawa ileile kwa jina jingine. Bibi yako ameimeza maradufu."

Bibi akalazwa, vidonge vikasimamishwa. Kirusi kilipimwa, hakikuonekana. Idi ikaja, ikapita. Inas alikwenda wodini na gauni lake jipya, Bibi akalipapasa mikono na ukosi, akauliza ni la rangi gani. Inas alijibu, kisha akatoka nje akalia.

Majuma yakapita, vimeng'enya vikashuka, na siku nyingine ya upasuaji ikapangwa. Daktari Nagwa alipowaaga alimwambia Inas asisahau: "Ukiulizwa dawa, taja kila kilichopita mdomoni, kiwe kidonge, kiwe majani ya kuchemsha. Usichanganye kwa kukisia. Na ile uliyoandikiwa na daktari, usiiache kabla ya kumuuliza."

Nyumbani Inas alimwekea Bibi mto, akamwegemeza, akamtaka radhi. Bibi aliutafuta mkono wake mpaka akaupata.

"Nimekwisha kukusamehe, mjukuu wangu. Ila nilipokuwa nakuita siku zile, sikuwa nataka kidonge. Nilitaka ukae nami kidogo."