Nyota Tatu za Taratibu

"Ameshaandika," Fundi alisema, akiitazama simu.

Taratibu alikuwa amekaa juu ya boksi tupu, kofia yake ya pikipiki magotini. "Ameandika nini?"

"Nitajuaje? Si hawaoneshi."

Mnada ule wa mtandaoni ulikuwa na sheria yake. Biashara ikiisha, muuzaji anamwandikia mnunuzi maoni na kumpa nyota, mnunuzi naye vivyo hivyo, ila hakuna anayeona ya mwenzake mpaka wote wawili wawe wameandika. Zamani ilikuwa tofauti. Aliyetangulia kuandika alijitia kitanzi mwenyewe, maana mwenzake alisoma kwanza ndipo akalipiza. Sasa maoni yanafunguka kwa pamoja, na wenye mnada wakajisifu kwamba wamemaliza ugomvi. Fundi yeye aliona ni kama kukutana na mtu gizani, hujui amekunja ngumi au amenyoosha mkono.

Na alikuwa na kila sababu ya kuogopa. Kazi yake ilikuwa kununua vyerehani vya mkono vilivyokufa, kuvifufua, kuvipaka rangi na kuviuza mnadani. Duka lake lilikuwa lile la kwenye simu, jingine hana. Wanunuzi wawili walishampa nyota moja moja, mmoja kwa kuchelewa, mwingine kwa roho mbaya tu. Akipata ya tatu duka linafungwa, na arusi yake na huyu aliyekaa juu ya boksi ilikuwa imeshatajwa kwa wajomba.

Mnunuzi wa safari hii alijiita Mama Sare, kwa kuwa alishona sare za shule. Ujumbe wake ulifika siku ileile mzigo ulipofika:

"Mwanangu, mashine nimeipata lakini mpini wa kuzungushia umevunjika. Picha hizo hapo. Sijui tufanyeje."

Fundi aliitazama ile picha ya mpini uliokatika, nyingine akazipita haraka. Mashine aliifunga kwa mikono yake. Aliyeibeba ni Taratibu, mbebaji wa mnada, aliyepewa jina hilo kwa kuendesha pikipiki kama amebeba mayai. Fundi alimuuliza, naye akajibu kwamba mzigo ulifika mzima, aliukabidhi mkononi. Kati ya mchumba wake na mama asiyemjua, Fundi hakuona cha kupima.

"Sasa unangoja nini?" Taratibu aliuliza. "Mwandikie na wewe."

"Nikimpa nyota nzuri halafu yeye amenichafua?"

"Ndiyo nakwambia. Hao wapo, wanavunja wenyewe ili warudishiwe fedha. Mwahi kabla hajakudai."

Akamwahi. Maneno yalitoka yenyewe: *Mnunuzi huyu hafai. Amevunja mashine mwenyewe ili arudishiwe fedha. Wauzaji, jihadharini naye.* Nyota moja. Akabonyeza, akafumba macho.

Alipoyafumbua, maoni yote mawili yalikuwa wazi. Ya Mama Sare yalisema: *Mashine nzuri, imefungwa kwa upendo. Mpini umevunjika, lakini vitu huvunjika njiani, fundi hana kosa. Ni mara yangu ya kwanza kununua hapa na sijajuta.* Nyota tano.

Fundi alikaa chini, pale pale kwenye misumari na vumbi la kutu.

"Vipi?" Taratibu aliuliza.

Akampa simu. Taratibu alisoma, akairudisha bila kumtazama usoni, akavaa kofia. Alisema ana mizigo inamngoja. Alipokuwa akitoka alijikwaa kwenye boksi aliloliacha mwenyewe.

Kesho yake mchana simu ikaita. Sauti ilikuwa ya mtu mzima, ya upole, na upole huo ndio uliomwogopesha Fundi kuliko matusi.

"Ni fundi wa vyerehani?"

"Ndiyo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mimi ndiye yule mnunuzi. Sikupigii kwa ugomvi. Nilikuwa natafuta mashine ya pili, shule zinakaribia kufunguliwa. Kila muuzaji ninayemfuata ananikatalia. Wanasema mimi mwizi, wamesoma. Nami sina maoni mengine mle ndani zaidi ya yako."

Fundi aliweka bisibisi chini.

"Nilitaka kukuuliza tu, mwanangu. Nilikukosea nini?"

Aligugumia kitu ambacho hata yeye hakukielewa, simu ikakatika. Ndipo aliporudi kwenye zile picha, moja baada ya nyingine, akitafuta kosa la yule mama ili apate kupumua. Akafika kwenye picha ya gurudumu, akaikuza.

Fundi alikuwa na tabia yake. Kabla ya kufunga mashine kwenye boksi, alilifunga gurudumu lisizunguke kwa ukanda wa kitambaa chekundu, fundo la kitanzi, ukivuta ncha moja linafunguka. Hakutaka mtu aingize kisu na kukwaruza rangi. Kwenye picha ukanda ulikuwa ule ule. Fundo halikuwa lake. Lilizungushwa mara mbili, ncha ikachomekwa chini na kukazwa. Fundo hilo alilijua. Taratibu alifunga hivyo kila kitu kilichopita mikononi mwake, hata mfuko wa unga aliomletea mama mkwe wake mtarajiwa, mpaka yule mama akaufungua kwa meno na kusema huyu mkwe anataka tufe njaa. Walicheka sana siku ile.

Sasa hakucheka. Aliogopa kama mtoto aliyesikia mlango wa nyuma ukifunguliwa. Alijiambia labda Mama Sare naye anafunga hivyo. Labda wabebaji wote wanafunga hivyo. Alijiambia mengi, na hakuna hata moja lililomkaa moyoni.

Alimkuta Taratibu kwenye ua wa wabebaji, akiosha pikipiki. Alitoa ukanda mwekundu mfukoni.

"Nifungie hapa kwenye usukani."

"Wa nini?"

"Wewe funga tu."

Taratibu alifunga bila kufikiri, mara mbili, ncha chini, akakaza. Fundi akaiweka simu kando ya lile fundo. Taratibu alitazama picha, akatazama fundo, maji ya bomba yakimwagikia viatuni.

"Uliangusha wapi?"

"Kwenye kona, baada ya daraja." Sauti ilikuwa ndogo. "Nilikuwa naenda mbio."

"Wewe? Mbio?"

"Nilikuwa nimechelewa kikao cha wajomba zako. Nikaona nikichelewa watasema sina adabu. Boksi likachomoka. Nikalifungua, nikaona mpini umekatika, nikafungua ukanda nijaribu kama gurudumu linazunguka, nikafunga tena."

"Ukanyamaza."

"Unajua ile kazi niliyoomba, ya kubeba mizigo ya eneo lote. Wanataka mbebaji asiye na doa. Nikikosa ile, nitakuoa kwa fedha gani?"

"Kuangusha sikulaumu," Fundi alisema. "Mimi mwenyewe naangusha vitu kila siku. Lakini ulikaa pale juu ya boksi langu ukanitazama nikimwita mama wa watu mwizi. Ukaniambia nimwahi. Nakuogopa, Taratibu. Sijawahi kukuogopa mpaka leo."

Taratibu alifunga bomba. Hakuwa na pa kuweka mikono yake.

Fundi akamweleza alichoamua. Angeuomba mnada ufute maoni yake, na kwa kuwa alimsingizia mtu, duka lake lingefungiwa. Mbebaji naye angeulizwa. Kila mmoja angeandika maelezo yake, na kama ilivyo kawaida ya pale, hakuna ambaye angeona ya mwenzake mpaka wote wamalize.

"Utanitaja?"

"Nitaandika niliyoyafanya mimi. Yako andika wewe."

"Na nikiandika kwamba ilifika nzima?"

"Basi nitasoma."

Akaondoka. Aliandika jioni ile ile, akieleza kwamba alisema uongo juu ya mtu ambaye hakumfanyia ubaya wowote, kwa hofu tu. Hakumtaja Taratibu. Kisha akaanza kungoja, na kungoja kule kulimla. Taratibu hakupiga wala hakutuma ujumbe. Mama yake Fundi alisema mwanaume anayenyamaza hivyo ama anajuta ama anatafuta njia ya kutokea, na kwamba kwa nje huwezi kuwatofautisha. Kila simu ilipolia aliruka, na kila ilipokuwa ya mtu mwingine alishukuru na kuumia kwa wakati mmoja. Duka alishakubali litapotea. Alichoogopa ni kuisoma sentensi moja, *mzigo ulifika mzima*, na kujua ni mtu wa namna gani aliyekuwa aolewe naye.

Ujumbe uliingia akiwa ameshika bisibisi. Wote wameandika. Aliiweka simu kifudifudi juu ya meza, akamaliza kukaza parafujo moja, akaongeza nyingine isiyohitaji kukazwa. Kisha akaifunua.

*Mzigo niliuangusha mimi. Nilifungua boksi, nikaona umevunjika, nikafunga tena na kunyamaza. Mama hana kosa. Fundi hakujua. Mimi ndiye niliyemwambia aandike vile, kwa sababu niliogopa.*

Alilia hapo hapo, akijifuta kwa kitambaa chenye oili, mpaka uso ukawa mweusi.

Duka likafungiwa kwa msimu mzima. Taratibu akaikosa kazi ya eneo lote. Jina la Mama Sare likasafishwa. Siku waliyompelekea mpini mpya walikwenda pamoja kwa pikipiki, polepole.

Mama Sare alikuwa na mkanda wa kupimia shingoni na rundo la kaptula za buluu mbele yake. Alipokea samahani zao zote mbili bila kuzikatisha. Fundi akaufunga mpini, akauzungusha, sindano ikapanda na kushuka.

"Mimi nilikuandikia kwa kukuamini," Mama Sare alimwambia, "na wewe ukaniandikia kwa kuniogopa. Na wala hujawahi hata kuniona."

"Nisamehe, mama."

"Nimeshakusamehe. Lakini iliniuma, nakwambia ujue." Akamtazama Taratibu aliyesimama mlangoni. "Na huyu ndiye mchumba? Arusi lini?"

"Sijui kama ipo, mama," Fundi alisema.

Taratibu alisikia. Akatoka nje taratibu.

Fundi alimkuta ameegemea pikipiki. Simu ya Fundi ikalia: mnada ulikuwa unamwomba, kwa kuwa shauri limekwisha, ampe nyota mbebaji wa mzigo ule. Akasimama kando ya Taratibu akaandika, na safari hii hakuificha skrini.

*Aliangusha mzigo. Alisema uongo. Kisha akasema ukweli, na hakuna aliyemlazimisha.*

"Nyota ngapi?" Taratibu aliuliza. Alikuwa ameogopa kweli.

"Tatu."

"Tatu tu?"

Fundi alibonyeza, akairudisha simu mfukoni, akapanda nyuma ya pikipiki na kumshika kiunoni.

"Mbili zilizobaki utazitafuta ndani ya ndoa. Twende, na usikimbize."