"Wametoka Sare": Neno Lililonikosesha Mchumba

Wasomaji wenzangu, nina miaka ishirini na sita, na kazi yangu ni kukata miwati, ile miti ambayo magome yake hutengenezea ngozi, hapa Njombe. Ninayoyaandika yananiaibisha, lakini heri mnicheke kuliko mwingine apatwe na yaliyonipata!

Nilikuwa na mchumba, Eliza wa Makambako. Baba yake alitaka fahali mmoja tu wa mahari, na fahali nilikuwa naye. Zilibaki siku chache nimpeleke...

Rafiki yangu Obadia, fundi baiskeli wa Makambako, akaanza kunichokoza. Eti timu ya mpira ya Tanganyika haitavuka kwa Uganda, fainali itaisikia redioni tu! Mimi na kiburi changu nikasema itavuka. Akaweka dau mitamba wawili. Nami, mjinga, nikaweka fahali wa Eliza! Nilidhani nikimfikishia mkwe ng'ombe watatu ataniheshimu.

Redio ilikuwa dukani Makambako, hivyo Obadia ndiye aliyesikiliza. Jumapili ile ya mechi sikula. Hata mahubiri kanisani sikuyasikia, moyo ulivyonidunda. Je, wamefunga? Wamefungwa?

Jumatatu mchana Obadia akashuka kwenye lori, akanisalimu Kibena. "Kamwene, Yona. Wametoka sare, bwana."

Wametoka! Nilisikia hilo tu. Nyumbani tunasema Kibena, Kiswahili nimekipata darasani, na sare niliyoijua ni nguo za shule. Nikadhani wametolewa, wamerudi kwao na jezi zao. Kuuliza niliona haya, maana kambini kwetu wakata miwati mimi ndiye niliyewasomea wenzangu barua! Nikamfungua fahali, nikampa. Obadia aliona nimekosea... akanyamaza.

Alhamisi mwalimu mmoja akaniambia Tanganyika imeingia fainali. Nikambishia. Akacheka sana. "Sare ni kulingana mabao, Yona! Pointi ziliwatosha."

Nikadandia lori la kwanza. Fahali wangu nilimkuta wapi? Uani kwa baba yake Eliza! Obadia alikuwa amemposa mchumba wangu kwa ng'ombe wangu mwenyewe! Nikaeleza yote kwa kelele na machozi. Mzee akakasirika, akasema posa hiyo ameivunja.

Ndipo Eliza akatoka ndani, akaniuliza, "Na kama wangefungwa kweli, mimi ningekuwa wa nani?"

Eliza hakumtaka Obadia, na mimi pia hakunitaka. Sasa ameolewa Ilembula.

Vijana wenzangu, tabirini mechi mpendavyo, lakini msiweke dau kitu ambacho mtu mwingine anakingojea! Na neno usilolielewa, uliza, hata wakucheke. Mimi nilikwepa kuchekwa siku moja... tazameni nilichopoteza.