Bethdei Iliyomaliza Maji

Ndoo ilikuwa imeshamwagika yote kichwani kwa Obedi ndipo Lea alipomwona mama mmoja amesimama getini na kifurushi cha mlenda mkavu. Alikuwa Bi Ruthu, mama mzazi wa Obedi, katoka kijijini bila kupiga simu aje amwone mchumba wa mwanawe. Na hapo Kikuyu, mtaa wa Dodoma mjini, siku hizo maji yalikuwa ya mgao; ile ndiyo ndoo iliyobaki.

"Shikamoo, mama," Lea akasema, ndoo ingali mkononi.

"Marahaba. Mwanangu kakukosea nini?"

Obedi, nguo zikimchuruzika, akaeleza kuwa ni bethdei. Mama akauliza bethdei ndiyo nini. Akaambiwa ni siku ya kuzaliwa, na hapa mjini mwenye siku yake hukatiwa keki, hupigwa picha, kisha lazima alowe.

"Siku hiyo uchungu niliupata mimi," mama akasema. "Wewe ulilia tu. Unapongezwa kwa lipi?"

Lea akakimeza kicheko. Mama akamvuta mwanawe ndani, mlango ukafungwa, Lea akabaki nje. Maskini, binti wa Mwanza aliyekulia kando ya ziwa, angejulia wapi uchungu wa kukosa maji Ugogoni? Mara ujumbe wa Obedi ukaingia kwenye simu yake:

"Usiondoke. Mama anasema ng'ombe wake hawatoki kwa ajili ya binti anayemwaga maji."

Hapo kicheko kilimwisha. Lea alimpenda Obedi kufa, na mahari ilikuwa ipelekwe baada ya mavuno. Akachukua keki yote ya Obedi, akaingia, akapiga magoti mbele ya mama.

"Mama, kwa maji nimekosa, nisamehe. Ila umesema kweli, kazi uliifanya wewe. Bethdei ni yako, na keki ni yako."

Mama akaonja. Akaonja tena. Obedi aliponyoosha mkono akachapwa kofi vidoleni. Kisha mama akauliza kama kuna maji ya kunywa, Lea akamletea kikombe cha mwisho kilichobaki kwenye jagi, roho juu.

Mama hakunywa. Akammiminia Lea utosini, polepole, mpaka tone la mwisho.

"Mama?"

"Si ndiyo bethdei? Leo nimekuzaa wewe. Na kikombe kinatosha, mwanangu, ndoo nzima ya nini?" Akamgeukia Obedi. "Wewe ulishakua. Beba ndoo ukatafute maji."