Unga Unaoogopa Maji

Mume wangu ni seremala. Asubuhi tunaamshwa na randa yake uani: krr, krr, krr. Binti yetu, Kidosho, huokota maranda na kujifanyia bangili. Jioni baba yake huenda jimu ya mtaani kunyanyua vyuma. Leo ananyanyua, kesho anapumzika. Ndivyo ilivyokuwa, mpaka kopo lilipoingia nyumbani.

Lilikuwa kopo jeusi, lenye picha ya simba. Mwalimu wa jimu ndiye aliyemuuzia.

"Unga huu unarudisha misuli kwa usiku mmoja," mume wangu aliniambia. "Hakuna kupumzika tena. Kila siku chuma! Mashindano ya mwisho wa mwezi ni yangu. Ila kuna sharti. Ukishaulamba, usiguse maji mpaka asubuhi. Maji yanauzimua."

"Baba Kidosho, unga gani huo unaoogopa maji?"

"Wewe jua chungu, mimi najua chuma."

Tulicheka.

Siku ya tano sikucheka. Mikono yake ilikuwa imevimba, migumu kama mbao. Alishindwa kuinua kikombe. Nilimnywesha chai kama mtoto.

"Ndiyo dalili kwamba unga unafanya kazi," alisema. Jioni akalamba vijiko viwili badala ya kimoja.

Asubuhi iliyofuata, Kidosho alitoka chooni mbio.

"Mama! Baba amekojoa chai!"

Nilikwenda kuangalia. Ulikuwa mkojo, lakini rangi yake ni ya chai ya rangi iliyokolea.

"Usimwambie mtu," mume wangu alisema. "Ni uchafu tu unatoka." Lakini sauti yake ilitetemeka. Nikajua na yeye anaogopa.

Nilikimbia kwa jirani yetu, nesi. Ndiyo kwanza alikuwa anarudi kutoka kazini, hata viatu hajavua. Nikaja naye nyumbani.

"Shemeji, hebu inua mkono," alimwambia mume wangu.

Mkono ulifika kifuani, ukaanguka.

"Na mkojo ukoje?"

Mume wangu alitazama sakafu. Kidosho akamjibia: "Chai! Haina maziwa!"

Nesi hakucheka. "Twendeni hospitali. Sasa hivi."

"Ngoja nimalizie mlango wa mteja..."

"Shemeji, mlango utakusubiri. Figo hazisubiri."

Hospitali walimpima damu na mkojo, wakamtundikia dripu. Daktari alinieleza taratibu.

"Misuli ikichoshwa kupita kiasi, huvunjika. Mabaki yake huingia kwenye damu. Figo ndizo zinazoyachuja. Na kwa kuwa hakunywa maji, zimeelemewa."

"Atapona, daktari?"

"Mmefika mapema. Tusubiri vipimo vya kesho."

Nilikaa kwenye benchi nikitazama matone ya dripu. Tone. Tone. Kila tone niliomba lifuatwe na jingine. Niliwaza, Kidosho ataokota maranda ya nani?

Siku ya tatu mkojo ulianza kurudi rangi ya kawaida, na daktari akasema figo zinapona. Nilipouona, nililia. Jioni nesi alikuja kututazama. Mume wangu alimkabidhi lile kopo, nililokuwa nimelileta kutoka nyumbani.

"Dada, niambie kweli. Unga huu unafanya kazi au haufanyi?"

Nesi aliligeuza kopo huku na huku. "Huu hata sijui ni nini. Haukuandikwa nani katengeneza wala ndani mna nini. Unga wa namna hii unaweza kuwa na dawa zilizofichwa. Ule wa protini, ulioandikwa vizuri, ni chakula tu. Unamsaidia asiyekula vya kutosha. Lakini ukipata maharage, mayai, samaki au maziwa ya kutosha, hauongezi kitu kikubwa."

"Na kupumzika je?"

"Hakuna unga wa kukupumzikia, shemeji. Wewe ukipaka mlango gundi asubuhi, mchana unautundika?"

"Thubutu! Naubana mpaka kesho yake."

"Na ukipaka gundi mara mbili?"

"Bado inataka muda wake..." Kisha akacheka, kwa mara ya kwanza tangu tufike pale. "Kumbe!"

"Ndiyo hivyo. Misuli hujijenga ukiwa umelala. Kunywa maji. Maumivu yakizidi, acha chuma. Na ukiona mkojo wa rangi ya chai, usijitibu. Njoo hospitali siku hiyohiyo."

Mashindano yalipita bila yeye. Siku hiyo alikwenda jimu akiwa na lile kopo, akawasimulia wenzake kila kitu, hata habari ya mkojo. Mwalimu alikasirika. Wenzake wawili waliondoka, wakaenda kupimwa.

Miezi miwili baadaye daktari alimruhusu kuanza upya, kwa vyuma vyepesi. Leo ananyanyua, kesho anapumzika. Jagi la maji linakaa kando ya randa.

Na kila asubuhi Kidosho husimama mlangoni mwa choo, mikono kiunoni.

"Baba! Chai au maji?"

Mimi jikoni huacha kukoroga uji. Nasubiri jibu.

"Maji, mwanangu."

Kisha randa inaanza: krr, krr, krr.