Kompyuta Iliyovaa Kitambaa

Kila asubuhi, kabla ya chai, Esha alifagia chumba cha mbele cha nyumba yao, pale mtaani Rasbura. Kisha alifungua mlango wa barabarani. Chumba hicho ndicho kilichokuwa duka lao la kuchapa. Humo mlikuwa na meza, benchi la wateja na kompyuta moja ya mtumba. Mama yake, Bi Adija, aliinunua Dar es Salaam siku zile milango ya biashara ya nje ilipofunguliwa na mitumba ya kila namna ikamiminika.

Esha aliishia darasa la saba. Kwenye kompyuta hiyo alijifunza kuchapa, kwanza kwa vidole viwili, baadaye kwa vyote kumi.

"Hii ndiyo sekondari yangu," alizoea kusema.

Bi Adija naye aliipenda. Aliifumia kitambaa cheupe chenye maua. Kitambaa kilifunika kasha lote mpaka nyuma, kama vile watu walivyofunika redio.

Siku moja feni ya kompyuta ilianza kunguruma. Mzee Yassini, aliyekuja kuandikiwa barua, aliziba masikio.

"Mwanangu, siku hizi mnasaga na mahindi?"

Bi Adija alichukua mafuta ya nazi, akayadondosha kwenye matundu ya nyuma. Kelele zikakoma. Siku ya tatu zikarudi, tena kwa kukwaruza. Halafu kompyuta ikaanza kujizima yenyewe. Barua ya Mzee Yassini ikapotea yote.

"Basi, imezeeka," alisema Bi Adija. "Jumamosi yule mfanyabiashara wa Mingoyo anapita. Nimeshamweleza inavyonguruma; aichukue hivyo hivyo, anipe cherehani."

"Na mimi, mama?"

"Wewe utashona."

Esha alirudi mezani, akaanza kuichunguza kompyuta. Alhamisi mama alikifua kile kitambaa. Asubuhi nzima Esha alichapa. Feni ilinguruma, lakini kompyuta haikujizima. Mchana kitambaa kikakauka, kikarudishwa. Haikupita nusu saa, kioo kikawa cheusi. Ziii!

Esha alitoka mbio mpaka kwa Alfonsi, fundi redio.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Redio imekufa?"

"Hapana. Kitambaa kinaua kompyuta."

Alfonsi alicheka. Kisha akaacha kucheka. "Hebu rudia."

Alipofika dukani, fundi hakugusa kitu kwanza.

"Chomoa waya ukutani," alimwambia Esha. "Kuzima tu hakutoshi. Na ukifungua kasha, utaona sanduku dogo la umeme. Hilo usilifungue kamwe. Hubaki na umeme hata baada ya kuchomoa."

Alifungua skrubu, akavuta ubavu wa kasha. Feni ilikuwa nyeusi kwa vumbi lililogandamana.

"Bi Adija, hii ni feni au wali wa nazi?"

"Nyamaza wewe! Si ilikuwa inapiga kelele?"

"Mafuta ya nazi yanaganda, yanashika vumbi. Feni inatoa joto nje. Ukiifunika, joto litokee wapi? Kompyuta ikizidi moto hujizima ili isiungue."

Esha aliinama. Katikati ya feni palikuwa na uzi mweupe, umejiviringisha mara nyingi.

"Mama," alisema taratibu, "ua lako hili hapa."

Bi Adija akashika mdomo.

Fundi aliifungua feni, akaisafisha kwa brashi kavu. Alibandua karatasi iliyobandikwa katikati yake, akatia tone moja la mafuta ya cherehani.

"Sasa isukume kwa kidole, huku na huku."

"Inacheza," alisema Esha.

"Kama gurudumu lililokufa beringi. Isingecheza, usafi na hilo tone vingetosha. Ikicheza, mafuta ni ya siku chache tu. Hapo unabadili."

"Nilijua!" alidakia Bi Adija. "Nyie mafundi, kubadili tu!"

"Mama, ningekuwa tapeli ningekwambia ubadili kompyuta nzima," alisema Alfonsi. "Esha kaniambia wewe mwenyewe ndiye uliyetaka kuibadili kwa cherehani."

Bi Adija akakikunja kile kitambaa, akakiweka kando.

Ijumaa Alfonsi alileta feni tatu, alizozitoa kwenye kompyuta mbovu. Esha alizijaribu kwa kidole. Mbili zilicheza. Ya tatu ilitulia. Aliipima kwa futi ya kupimia nguo: upana ule ule wa feni ya zamani. Akaifunga mwenyewe, wakawasha. Kimya!

"Bado," alisema fundi. "Weka karatasi nyuma."

Karatasi ikanata kwenye matundu. Esha akakunja uso.

"Inavuta ndani. Nimeifunga kinyume?"

"Wewe waonaje?"

Alichomoa waya, akaigeuza feni, akafunga tena. Safari hii karatasi ilipeperuka mpaka ukutani.

Jumamosi mfanyabiashara wa Mingoyo aliingia. Alimkuta Esha anamwandikia upya Mzee Yassini barua yake. Kile kitambaa cheupe kilikuwa kimetandikwa kwenye benchi la wateja. Mgeni aliegemea meza, akatazama huku na huku.

"Haya Bi Adija, iko wapi ile mashine yako inayonguruma?"

"Hiyo hapo," alisema Bi Adija. "Umeiwekea kiwiko."