Rangi ya Siagi Ukutani

Kila asubuhi nyumbani kwetu Duluth, kaskazini mwa Marekani, ilianza kwa Babu Reino kuchemsha kahawa na mdogo wangu Eino kutafuta soksi yake ya pili. Mama alirudi kutoka zamu ya usiku hospitalini, akavua viatu vyenye theluji mlangoni, akatubusu, kisha akasimama katikati ya sebule na kutazama kuta. Zilikuwa nyeupe pe. "Kuta zangu," alisema kila siku, kana kwamba kuna mtu wa kumbishia.

Tulikuwa tumepanga nyumba za watu miaka kumi na moja, na wenye nyumba wote walikuwa na sheria moja: rangi haiguswi. Hata picha tulizibandika kwa woga. Sasa tulikuwa na nyumba yetu wenyewe, ndogo, yenye dirisha kubwa linalotazama kaskazini, na Mama akatangaza mezani kwamba rangi ya sebule ningechagua mimi.

"Kwa nini Aila?" Eino akafoka.

"Kwa sababu ana miaka kumi na miwili, na wewe ungechagua nyeusi."

"Nyeusi haionyeshi uchafu!"

Nilijiona mtu mkubwa. Baada ya wiki mbili ndugu zetu wangekuja kusherehekea nyumba mpya kwa mkate mweusi na chumvi, kama wanavyofanya watu wetu wenye asili ya Ufini, na nilishaanza kuwasikia kichwani wakiuliza ni nani mwenye jicho zuri hivi.

Babu alikuwa amepiga rangi nyumba za mji huu kwa miaka arobaini. Alinipeleka dukani, nami nikachomoa kadi moja ya manjano iliyoandikwa "Siagi Mpya." Moyo wangu ukatulia palepale.

"Hii hapa, Babu. Twende nyumbani."

"Taratibu, mjukuu wangu. Taa za dukani husifia kila kitu."

Akanunua vikopo vitatu vya majaribio: Siagi Mpya niliyoitaka, kijivu kimoja, na rangi iliyoitwa "Ganda la Yai la Kahawia," ambayo niliicheka. Nyumbani akanipa mbao tatu nyembamba na daftari lake la zamani. "Kila rangi na ubao wake. Paka mara mbili. Zihamishe ukuta hadi ukuta, uzitazame asubuhi, alasiri, na jioni taa zikiwaka. Siku tatu. Na uandike unachokiona, si unachokitaka."

Nilizitazama jioni moja tu. Chini ya taa, Siagi ilipendeza sana. Kesho yake rafiki zangu walikuwa wanateleza kwenye theluji kilimani, nami sikutaka kukosa. Nikazisukuma mbao chini ya kitanda, nikajaza daftari kwa dakika tano. Asubuhi: nzuri. Alasiri: nzuri sana. Jioni: nzuri mno.

Babu alisoma kila mstari. "Umefanya kazi ya fundi," akasema, akanishika bega. Nilisikia aibu, nikajitia kutafuta brashi.

Jumamosi jioni tulipiga rangi sebule nzima. Babu alikuwa na desturi yake: akimaliza chumba, hufungua kifuniko cha swichi na kuandika jina lake na tarehe ukutani, mahali ambapo hapataonekana. Safari hii aliweka penseli mfukoni. "Nitasaini kesho, kukiwa na mwanga."

Asubuhi niliamshwa na kelele za Eino. "Aila! Tunaishi ndani ya supu ya njegere, na leo wala si Alhamisi, siku yetu ya supu hiyo!"

Nilishuka mbio. Mwanga wa kaskazini ulikuwa umejaa chumbani, baridi, na ile siagi yangu ilikuwa imegeuka kijani cha ugonjwa. Mama akaingia na mkoba wake begani. Akazitazama kuta.

"Imechangamka," akasema. "Umeichagua wewe, mwanangu, kwa hiyo naipenda." Kisha akaenda kulala. Hakusimama katikati ya sebule.

Babu alikuwa mezani na daftari. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akatazama ukuta tena. "Daftari linasema uliangalia vizuri, na macho yako ni mazima. Basi mabovu ni macho yangu. Zamani ningekiona hicho kijani palepale dukani." Akaanza kuzifunga brashi zake kwenye gazeti, moja baada ya nyingine. "Nitazipeleka mnada wa kanisa. Mpiga rangi asiyeona rangi ni wa nini?"

Nikaishika brashi ya mwisho.

"Babu, usizifunge. Macho yako ni mazima. Mimi ndiye sikutazama. Niliandika uongo."

Mikono yake ikasimama. "Ulitazama siku ngapi?"

"Jioni moja."

"Moja! Nimekaa hapa saa nzima nikijiona nimekwisha, na wewe umesimama unanitazama tu?"

"Ndiyo, Babu. Nisamehe."

Akazifungua brashi, moja baada ya nyingine. "Mama yako utamwambia mwenyewe. Halafu ulete hizo mbao."

Mama alipoamka, alinisikiliza mpaka mwisho. "Nilikuwa najilazimisha kuipenda," akasema. "Asante kwa kuniokoa. Ila usinifanyie hivyo tena."

Rangi ikishachanganywa dukani hairudishwi, kwa hiyo Siagi iliyobaki tuliipeleka chumba cha kufulia, chini kabisa, kusiko na dirisha. Chini ya taa ile ikapendeza kweli. Nami kwa siku tatu niliamka kabla ya basi la shule, nikakimbia kurudi alasiri, nikahamisha mbao. Kijivu kilifanana na maji ya kuoshea vyombo. Ganda la Yai, ile niliyoicheka, ilikuwa na joto asubuhi, alasiri na jioni, nami nikaandika hivyohivyo. Jumamosi tuliipiga, mara mbili, hadi mikono ikaniuma.

Jumapili shangazi Lempi aliingia na mkate mweusi na chumvi, akasimama mlangoni. "Haya! Nani kachagua rangi hii?"

"Mimi," nikasema. "Lakini ni ya pili. Ya kwanza nilidanganya, ikatoka supu."

Watu wakacheka, Babu akiwa wa kwanza. Akachukua bisibisi, akafungua kifuniko cha swichi mbele ya wote, akaandika jina lake na tarehe.

"Ukuta mbaya tuliufunika kwa siku moja," akaniambia. "Uongo wako ungebaki chini ya kila rangi, na mimi ningekufa nikidhani nilipofuka. Kazi isiyofanywa, sema haijafanywa. Hapo watu watakuamini, na utakuwa na haki ya kuweka jina lako." Akanipa penseli.

Niliandika AILA LAHTI chini ya jina lake, herufi kubwa. Mama alikuja akasimama katikati ya sebule, akazunguka polepole.

"Kuta zangu," akasema.