Mafuta Yasipande Gari la Kwaya

Kila Jumapili Ernestine huketi benchi la nyuma, karibu na mlango. Binti yake Nshuti, mwenye miaka saba, ana kifafa. Kikimshika, mama humbeba na kutoka naye nje kwenye baridi, kabla watu hawajageuza shingo.

Dawa za hospitali zilibadilishwa mara nyingi. Kifafa kilipungua, kisha kikarudi. Ndipo, mwaka 2016, dada yake Donatille akapiga simu kutoka Denver, Colorado.

"Huku wanauza mafuta ya bangi dukani, mchana kweupe. Mtoto wa jirani yangu yamemsaidia."

Bangi! Ernestine alishika mdomo. Kwao Uvira bangi ilikuwa ya wahuni. Lakini uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Kwa bahati, kwaya ya kanisa lao, hapa mjini Saint Paul, Minnesota, ilikuwa Denver wiki ile. Na gari la kwaya halirudi mikono mitupu. Huleta samaki wakavu, vitenge na sombe, yale majani ya muhogo, kwa kila aliyeagiza. Ernestine akamwomba dereva, Birindwa, alete kichupa kimoja.

"Hakuna shida, mama," alijibu.

Siku ya kwaya kurudi, jirani yake Serah alikuja kunywa chai. Serah ni Mkenya, muuguzi katika hospitali moja ya Maplewood. Ernestine alimpa habari ile kwa furaha. Serah aliweka kikombe chini.

"Mama Nshuti, hiyo gari imeshatoka?"

"Inatoka saa hii. Kwa nini?"

"Wapigie sasa hivi! Hiyo mafuta isipande gari."

"Si Donatille anasema kule ni halali?"

"Kule, ndiyo. Hapa Amerika kila jimbo liko na sheria yake. Colorado, mtu mzima ananunua hata ya starehe. Minnesota ni ya wagonjwa peke yake, tena waliojiandikisha. Na juu ya majimbo kuna sheria ya nchi nzima, na hiyo bado inakataa bangi. Kuivusha mpaka ni kosa. Asiye raia anaweza hata kufukuzwa nchini. Ndani ya hiyo gari, ni wangapi wako na uraia?"

Ernestine akaanza kuwahesabu. Birindwa hana uraia. Hata mumewe Callixte, mwimbaji wa besi aliyesafiri na kwaya, bado anangoja usaili wake wa uraia. Alishika simu, akapiga. Iliita, ikaita.

"Allô, mama!" Birindwa akaitika. "Tuko kwa Donatille, tunapakia."

"Kile kichupa! Kitoe, kwa jina la Yesu!"

"Kiko kwa meza. Alitaka kukifunga ndani ya samaki."

"Kiache hapo hapo!"

Ernestine aliketi, machozi yakamtoka. "Basi mtoto wangu atabaki hivi?"

"Nani amesema?" Serah alimshika bega. "Kifafa ni moja ya magonjwa ambayo Minnesota inakubali. Daktari wake athibitishe, halafu mzazi ajiandikishe kwa jimbo. Wewe tayari ni raia, jiandikishe wewe. Baba Nshuti asiguse kitu. Na kabla ya yote, muone wakili wa uhamiaji. Dawa za hospitali msiache."

Wakafanya hivyo. Walianza kwa wakili, kisha daktari. Hatimaye Ernestine alifika kwenye duka la dawa hiyo. Hakuona majani wala moshi. Aliona mfamasia mwenye koti jeupe, akimwonyesha kupima matone.

Ernestine aliinua kichupa kwenye mwanga, akastaajabu. Mmea uleule wa wahuni! Kumbe Mungu alificha dawa ndani yake, na watu wakakaa wakaipima tone kwa tone kwa ajili ya mtoto.

"Si kila mtoto husaidika," mfamasia alimwonya. "Ifungie kabatini. Usivuke nayo mpaka, hata Wisconsin hapo ng'ambo ya mto."

Theluji ilipoyeyuka, kifafa kilikuwa kinamshika Nshuti mara chache sana. Jumapili moja shemasi aliwaonyesha benchi lao la mlangoni. Nshuti akamvuta mama mkono. Akasema kwa Kiingereza chake kwamba anataka kumwona baba akiimba.

Wakapita benchi baada ya benchi, mpaka mbele kabisa. Callixte, raia mpya, alikuwa katikati ya wimbo. Alipowaona wameketi pale, akasahau kuimba.